Dera ya Kukamulia

Mtu aliyempiga ng'ombe wangu mbao ya kiwele alikuwa amevaa dera yangu. Wapangaji wenzangu wakisimulia hii stori huanza na kicheko, kwa hivyo mimi naanza na mbao. Mtu huyo alikuwa mume wangu, baba ya mtoto wangu, na mbao ilikuwa ya mjengo, ile ya kushikilia zege ikikauka, ncha moja bado ina misumari. Alimpiga na ncha ile nyingine. Hiyo ndiyo huruma pekee ninayoweza kumwekea.

Tunakaa Kawangware, steji ya 46, ploti ya mabati yenye vyumba pande mbili. Chumba chetu ni cha mwisho, na kimeegemea zizi. Kati ya kitanda changu na ng'ombe kuna bati moja tu. Akicheua, nasikia. Nikikohoa, anasikia.

Watu huuliza msichana wa Kibera alipata ng'ombe wapi. Sikumwiba na sikumpata kwa kuolewa. Nilipomaliza shule ya upili nilitoka kwa mama yangu Lindi, huko huko Kibera, nikaja kumtunzia ng'ombe mama mzee aliyekuwa na hii ploti. Nilikata nyasi, nilizoa mavi, nilikamua asubuhi na jioni mpaka vidole vyangu vikawa na nguvu kuliko vya kijana wa gereji. Mama mzee alipochoka na mji akaamua kurudi kwao, aliuza wale wakubwa, mimi akaniachia mtamba mweusi mwenye baka jeupe pajani. Aliita wapangaji wote pale uani akasema, "Huyu ni wa huyu msichana. Asitokee mwanaume aseme ni wake." Wakati huo hata mwanaume sikuwa naye. Alikuja baadaye, na ng'ombe tayari ana mimba.

Sasa kama hujawahi kukamua, nikueleze kitu. Ng'ombe wa kukamuliwa kwa mkono si mfereji, ati unafungua tu. Maziwa ni yake, na anaweza kuyazuia. Anayashusha akiwa ametulia, na anatulia akiona, akisikia na akinusa kile alichozoea. Wangu alizaa dume, tukamtoa mapema, kwa hivyo hakuwa na ndama wa kumshawishi. Alikuwa na mimi tu. Na mimi nilikuwa na dera moja ya rangi ya zambarau, kuukuu, imefifia mgongoni, ambayo sikuivaa kwa kazi nyingine. Ilinuka jeli ya kukamulia, maziwa na moshi. Nikiingia nayo zizini, kabla sijashika ndoo, chuchu zilikuwa zimeanza kudondoka zenyewe. Nilijivunia hiyo kitu kuliko cheti changu cha shule.

Mume wangu alikuwa mtu wa mjengo, na sitamnyima haki yake. Wakati yeye alikuwa anatoka na mimi nabaki, tulienda vizuri sana. Mvua ikikataa na nyasi za mkokoteni zikiwa vijiti vitupu, jasho lake la saiti ndilo lililonunua pumba. Mimi nilishinda na mnyama na mtoto. Yeye analeta, mimi natunza. Mama wa chai, jirani yetu wa mlango wa pili, mama Mjaluo mwenye sauti ya kuita watu kutoka stejini, alikuwa ananunua maziwa yangu na kusema hayana maji hata tone.

Halafu siku moja mume wangu alirudi akakaa kitandani bila kuvua gambuti.

"Kuna madam, dada ya foromani. Anataka mtu wa kufua na kupiga deki, kila siku."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe atakula. Tukileta wawili atakula mpaka ashibe. Sai anakula majani ya kabeji ya kuokota sokoni."

"Anakula majani, lakini anakula saa ya kula."

"Unaongea ni kama ng'ombe amevaa saa."

"Na atakamuliwa na nani jioni?"

"Mimi si ninatoka saiti mapema? Ama unadhani mikono ni yako peke yako?"

Nilienda. Nyumba ilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa, upande wenye ua na mbwa. Yule madam alikuwa anasimama nyuma yangu nikifua akinionyesha kola kwa kidole cha mguu. Cha mguu! Watoto wake walikunywa maziwa ya pakiti wakaacha nusu, na mimi nikaosha vikombe, nikimwaga ndani ya sinki kile ambacho mtoto wangu alikuwa ameanza kukosa nyumbani kwenye zizi lake mwenyewe.

Kwa sababu maziwa yalipungua, na ni hapo ndipo huwa nakasirika nikisikia watu wakisema kazi ya nje huinua mifugo. Hori lilijaa kuliko zamani, ndiyo. Magunia yalikuja. Lakini nilikuwa namwaga chakula cha siku nzima asubuhi kabla sijatoka, na jua likipanda juu ya bati kinachacha, ananusa, anageuza shingo. Ndoo ya maji anaipindua mapema na hakuna wa kumjazia mpaka jioni. Mavi hayazolewi, analala juu yake, kiwele kinalala juu yake. Chakula kizuri kinaingia kwa mnyama aliye na kiu na uchafu, kinatoka nyuma kama kilivyoingia. Mmoja akitoka na mwingine akibaki, yule wa nje anamsaidia wa ndani. Wote mkitoka, hamna ng'ombe wa maziwa. Mna mgeni wa kulishwa.

Na jioni alikataa katakata mikono ya mume wangu. Mikono yake ilikuwa ya saruji, mikavu kama msasa, na alikuwa anavuta chuchu kama mtu anayevuta kamba ya jenereta. Ng'ombe aliinua mguu, akaipiga ndoo teke, akafunga maziwa yote. Kesho yake asubuhi mimi nakuta kiwele kimejaa kigumu, kina joto. Hiyo ni hatari, na nilimwambia.

Mama wa chai ndiye aliyemfundisha, na alimfundisha kwa nia nzuri. Mtoto wetu alikuwa anashinda kwake, kwa hivyo alikuwa anaona jinsi mambo yalivyo. Alimwambia, "Wewe baba, huyo ng'ombe anajua dera, hajui bwana. Kwetu mjomba wangu alikuwa anajifunga leso ya mke wake ndiyo akamue. Vaa tu. Nani anakuona?"

Akavaa. Mimi sikujua. Niliona tu maziwa ya jioni yameanza kurudi kidogo, na yeye anatembea kifua mbele.

"Umeona? Mkono wa mwanaume."

Yaliyofuata sikuyaona, nilikuwa nafua mapazia ya watu. Ni mama wa chai aliyenieleza, na alinieleza akilia.

Mlango wa zizi ni bati linalofungwa na waya. Jioni hiyo waya ulikatika, bati likaanguka nje, na mume wangu akaonekana na ploti nzima: amechuchumaa chini ya ng'ombe, dera ya zambarau imemfika magotini, kitambaa changu kichwani, ndevu zake kwenye mbavu za mnyama. Vijana wa gereji walikuwa wamesimama kwa mama wa chai wakingoja vikombe.

"Auntie! Auntie, nipimie na mimi!"

"Wasee, auntie ana ndevu!"

"Auntie, mzee wako ako job?"

Hilo la mwisho lilimwinua. Aliinuka haraka, ng'ombe akashtuka, akakanyaga pindo la dera, na mume wangu akaanguka kifudifudi kwenye mavi. Mama wa chai anasema kicheko kilitoka mpaka barabarani. Anasema hata yeye alicheka, na hajisamehe. Aliposikia mbao alidhani anapiga ukuta. Halafu akasikia sauti ya ng'ombe, na ng'ombe huwa hapigi kelele hivyo, si kama mbuzi. Alimpiga kiwele, akampiga magoti, akarudi kwa kiwele. Kijana mmoja alisema, "Buda, imetosha," na akarushiwa ndoo, wakakimbia wote. Wanaume wazima. Hakuna hata mmoja aliyeingia.

Nilipofika nilimkuta mtoto wangu chini ya meza ya mama wa chai, mikono imeziba masikio. Sikuuliza. Nilienda moja kwa moja zizini. Ng'ombe alikuwa amesimama na miguu ya nyuma imetanuka kama anajikojolea, ngozi ya mgongo inatetemeka. Kutoka chuchu ya nyuma ya kulia damu ilikuwa inadondoka kwenye sakafu, ikichanganyika na maziwa, rangi ya waridi. Rangi nzuri. Nilichukia hiyo rangi na bado naichukia.

Mume wangu alikuwa ameketi kizingitini mwetu, bado na dera, imepasuka mpaka kiunoni, ni kama hajui inavuliwa vipi.

"Umefanya nini?"

"Uliza ng'ombe yako."

"Nakuuliza wewe."

"Umenianika mbele ya watoto wa watu. Mwanamke wa maana angekuwa kwake, anakamua."

"Ni nani alinipeleka kufua? Ni nani?"

"Wewe hata kufua hujui. Madam analalamika."

Mbao ilikuwa imeegemea ukuta. Nilimpiga nayo begani, nikampiga sikioni, nikainua ya tatu akanikamata mkono akanipiga ngumi ya mdomo. Jino la mbele liliondoka na nikalisikia kwenye ulimi kabla sijasikia uchungu. Nilimng'ata kiganja na yale yaliyobaki. Nilitaka kufika mfupa. Akanigonga kichwa kwa mlango, mimi sikuachia, na tungeuana pale pale kama mama wa chai hangekuja na sufuria yake kubwa akamwaga chai inayochemka katikati ya miguu yetu. Tuliruka kila mtu upande wake.

"Ya pili namwaga usoni!" alipiga kelele. "Mtoto anawaangalia! Washenzi nyinyi, mtoto anawaangalia!"

Mume wangu alivua dera kwa kuirarua, akanirushia, akatoka na kaptura kuelekea njiani.

Kiwele kilichopigwa lazima kitolewe kila kitu ndani, ama kinaoza. Kwa hivyo, na mdomo wangu umefura, nilijifunga ile dera iliyopasuka nikaingia kumkamua. Aliponiona alirudi nyuma mpaka akagonga bati, akakojoa, macho yametoka nje, akarusha pembe. Hakunijua. Ama niseme alinijua vizuri sana: alijua ile nguo. Zamani ilikuwa inamwambia nimekuja. Sasa ilikuwa inamwambia mbao imekuja. Mwanaume alivaa kitu changu akakiharibu kikiwa mwilini mwake, na mimi ndiye niliyevishwa hicho kitu kikiwa kimeharibika.

Niliiweka dera kwenye jiko la mama wa chai. Haikuungua hata, iliyeyuka ikanuka. Nikarudi zizini na sketi ya kufulia, nanuka sabuni ya watu, mgeni kabisa, nikafunga miguu ya ng'ombe na kamba, kitu ambacho sikuwahi kumfanyia, nikakamua damu kwa nguvu huku analia na mimi nalia. Zile chuchu nzima hakunipa kitu.

Siku iliyofuata sikwenda kwa madam. Nilimkamua asubuhi, nikabeba mtoto mgongoni, nikatembea mpaka Lindi kwa mama yangu. Alikuwa mlangoni anachambua kunde za kuuza. Aliniangalia mdomo, akaendelea kuchambua.

"Nani?"

"Unamjua."

"Kwa sababu ya nini?"

"Ng'ombe."

Akatoa pumzi puani. "Mimi baba yako alinipiga kwa sababu ya chumvi. Angalau wewe umepigwa kwa kitu kikubwa."

"Mama, usinichekeshe. Mdomo unauma."

"Sikuchekeshi. Ingia ulale. Mtoto alale. Huko Kawangware umeacha nini?"

"Ng'ombe."

"Basi muuze, mtoto wangu, muuze uje ukae. Hapa hakuna nyasi lakini hakuna mtu wa kukutoa meno."

Nililala kwa kitanda chake, mtoto kifuani. Kulikuwa na redio ya jirani na harufu ya samaki. Ningeweza kukaa. Lakini kila nikifunga macho nilikuwa naona kile kiwele kikijaa, na mtu atakayerudi kwake ni yule yule aliyempiga. Niliinuka. Nikamwambia mama abaki na mtoto.

"Unarudi?"

"Lazima akamuliwe."

"Nenda basi," alisema, na sasa alikuwa amekasirika kweli, ametupa kunde chini. "Nenda kwa bwana yako mwenye pembe. Huyu wa suruali akikuua nitamzika nani, wewe ama ng'ombe?"

Nilirudi kwa miguu nusu nakimbia.

Daktari wa ng'ombe alikuja, mtu mfupi mwenye mfuko na uso wa mtu ambaye hajalala. Alishika ile chuchu ya nyuma, akakamua kidogo kiganjani, akanusa. Akasema upande huo pengine umekufa. Akapiga sindano. Kisha akatueleza, mimi na mume wangu aliyekuwa amerudi na kitambaa mkononi pale nilipomng'ata: maji ya moto mara kwa mara, ukandwe, ukamuliwe mchana kutwa kila baada ya muda mfupi, la sivyo uchafu utaingia kwa damu na atakufa.

"Nani hushinda hapa?" aliuliza.

"Mimi," nikasema.

"Ako na kazi," mume wangu akasema.

Daktari alifunga mfuko wake. "Kama wote mna kazi, itisheni mchinjaji mapema, bado ana mwili."

Nilishinda hapo. Kwa madam sikurudi tena. Nilichemsha maji, nilikanda, nilikamua usaha na mabonge ya manjano, nikamimina kwenye shimo. Nilimwimbia upuzi wowote uliokuja kichwani ili azoee sauti bila nguo. Polepole alianza kunipa zile tatu. Si zote, lakini alianza. Na mume wangu kila jioni anasimama mlangoni na maneno yake.

"Foromani ananiuliza kama umemdharau dada yake. Unataka nikose saiti?"

"Mwambie nauguza."

"Nimwambie mke wangu anauguza ng'ombe? Bado hawajamaliza kucheka ile ya kwanza."

Hiyo ndiyo ilikuwa inamuua. Si maziwa, si mimi, si chakula. Kicheko. Ng'ombe akiwa pale, kila siku kuna mtu wa kumwita auntie. Kwa hivyo akaamua ng'ombe aende.

Jumamosi asubuhi aliamka mapema, akaosha ng'ombe kwa maji yangu ya kunywa, akampaka jeli kiwele chote kikang'aa. Akaniambia kuna dalali anakuja, mtu wa kununua ng'ombe wa maziwa kupeleka kwa matajiri wa mashamba.

"Atataka kuona anakamuliwa. Utamkamua hizo tatu. Hiyo ya nyuma usiiguse. Na utabasamu."

"Nitabasamu na ipi, ya meno ama ya pengo?"

"Usinijaribu leo. Nitamaliza hayo mengine."

Dalali alikuja na koti la ngozi na fimbo ndefu. Alimzunguka ng'ombe, akamgonga mbavu, akaangalia meno, akamsifu baka lake jeupe. Mume wangu alikuwa anaongea sana. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu na ndoo kati ya magoti na kichwa changu kwenye ubavu wa ng'ombe, na nilisikia moyo wake, mkubwa, mzito. Nikajua kwamba nikikamua vizuri, nikiwa mke mzuri, kabla jua halijapanda atakuwa ndani ya lori, na huko anakoenda watagundua ile chuchu, na mtu asiyemjua atachukua mbao nyingine.

"Haya mama, tuone," dalali akasema.

Sikugusa zile tatu. Nilishika ile ya nyuma ya kulia, nikaivuta kwa nguvu zangu zote, nikiielekeza kwa dalali. Nilijua itamuuma ng'ombe. Hakukuwa na njia nyingine. Usaha uliruka na damu ukampata dalali kwenye koti na kwenye mkono, na hapo hapo teke likaja. Lilinipata chini ya bega, likanirusha mpaka kwenye mfereji wa mavi, na kitu ndani yangu kikavunjika kama kijiti kikavu. Sikuweza kuvuta pumzi. Lakini macho yalikuwa wazi na nilimwona dalali akipangusa mkono wake kwenye mgongo wa ng'ombe.

"Buda. Uliniita nione maziwa. Hii ni nini?"

"Ni kidogo tu, inapona, daktari alisema..."

"Na ng'ombe yenyewe ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Ni ya huyo amelala kwa mavi," mama wa chai akasema kutoka mlangoni. Nyuma yake walikuwa wapangaji, kila mtu na mswaki ama sufuria mkononi. "Mama mzee alimpa mbele yetu wote. Uliza yeyote."

"Ni ya mama," mwingine akasema.

Dalali aliokota fimbo yake. "Mimi hununua ng'ombe, sinunui vita." Lakini alipofika nje akageuka, kwa sababu dalali ni dalali. "Ikishindikana kabisa, ya nyama nitachukua."

"Chukua!" mume wangu akapiga kelele. "Chukua ya nyama! Chukua sasa hivi!" Na akaruka juu yangu, juu yangu mimi, kama mtu anayeruka dimbwi, akaanza kufungua kamba kwenye nguzo.

Uma wa kuzolea mavi ulikuwa karibu na mkono wangu mzima. Sikusimama. Nilimchoma nikiwa nimelala. Jino moja la uma lilipita gambuti, likapita mguu, likagota sakafuni. Kelele aliyopiga ilikuwa nyembamba, na ng'ombe akarudi nyuma, na dalali akapotea na koti lake chafu. Mume wangu alishika mpini na mimi nikashika mpini, na nilikuwa naukandamiza. Nilikuwa namwambia kitu, mama wa chai anasema nilikuwa nasema, "Kamua sasa, kamua sasa." Nilikuwa nataka kuuchomoa nimchome tena, juu zaidi. Walinivuta watu wanne. Hata leo sijutii ule wa kwanza, na siku nyingine najutia kwamba walikuja haraka.

Alibebwa kwa pikipiki akaenda kutibiwa, na kutoka huko akaenda kwa ndugu yake, mtaa wa Raila kule Kibera. Mimi nilifungwa mkono na bega, nikamkamua ng'ombe kwa mkono mmoja, na mama wa chai akinishikia ndoo na kutukana mpaka mbingu. Mama yangu aliniletea mtoto. Aliingia zizini na viatu vyake vya kanisa, akamwangalia ng'ombe muda mrefu, akasema, "Kumbe ni mweusi hivi," na akaanza kuzoa mavi bila kuambiwa.

Ule upande ulikufa. Chuchu ilikauka, imekuwa kama kidole cha glavu tupu. Tatu zilipona. Na mimi nikiwa hapa, nikimpa kidogo kidogo, nikimjazia maji, nikiondoa mavi, hizo tatu zinatoa kuliko zote nne zilivyokuwa zinatoa nikiwa kwa madam. Chakula sasa ni cha kuokota tena, maganda ya viazi na majani ya sokoni, hakuna mtu wa saiti wa kununua pumba, na kuna siku naiona hiyo tofauti kwenye ndoo. Sitadanganya. Lakini wateja wa maziwa ya chai wamerudi mlangoni.

Juzi mume wangu alikuja. Hakuja peke yake, alikuja na ndugu yake, mtu mpole, fundi wa viatu, na mkate mkononi kwa ajili ya mtoto. Nilikuwa nakamua ya jioni. Waliingia chumbani kwetu wakakaa kitandani, na yule ndugu akaanza kuniongelesha kupitia bati, kwa heshima sana.

"Shemeji, mambo yamepita. Yeye amekubali makosa. Arudi, na wewe urudi kwa kazi, yule madam bado anakuulizia. Mtaandika mtu wa ng'ombe. Nyumba inasimama na watu wawili wakileta."

Nilikuwa nasikiliza. Sitasema sikuwa nasikiliza. Mtoto alikuwa amemkimbilia baba yake na alikuwa anacheka, na kitanda changu ni kikubwa.

Halafu mume wangu akakohoa, akasema, "Mimi sina neno, aseme tu."

Maziwa yakasimama. Mikononi mwangu, chuchu zote tatu, hivyo tu, kama mtu amefunga mlango. Ngozi ya mgongo wa ng'ombe ikaanza kutetemeka. Ndoo haikuwa imefika nusu. Nilivuta polepole, nikaimba, nikamkanda, na akasimama tu na masikio yameelekea kwenye bati.

Nikatoka nikasimama mlangoni mwa chumba, mikono imejaa jeli.

"Umesemaje, shemeji?"

"Mwambie ndugu yako atoke."

"Lakini hata hajaongea..."

"Ameongea. Amesikika."

"Na nani?" Akaniangalia, akaangalia bati, akanirudia. "Shemeji, usiniambie. Kwa sababu ya ng'ombe?"

Mume wangu alikuwa ameelewa. Aliinuka pole pole, bado anachechemea, akamweka mtoto chini.

"Njoo umwone mtoto kwa mama wa chai," nikamwambia. "Siku yoyote. Pale kwa meza yake. Lakini hapa ukutani hutakaa, hutalala, hutakohoa."

"Na nikikataa?"

"Sijamaliza kukamua," nikasema. "Toka."

Walitoka. Ndugu yake aliacha mkate kitandani. Nilisimama uani mpaka nikawaona wamepinda kona, kisha nikasimama zaidi, kwa sababu ng'ombe husikia mbali kuliko mimi. Nilinawa mikono kwa maji ya moto, nikarudi kwa kigoda, nikaweka kichwa ubavuni pake. Tulikaa hivyo, mtoto akilia chumbani anamtaka baba yake. Ilichukua muda. Kisha akashusha maziwa.